MREJESHO: Ile sarafu ya Kirumi yenye mbwa mwitu

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza ni kaisari gani huyu mwenye kofia ya chuma kwenye sarafu yangu ya shaba. Kumbe si kaisari kabisa! Maandishi yanasomeka VRBS ROMA: ni mji wenyewe wa Roma, umechorwa kama mwanamke. Nyuma, mbwa mwitu jike anawanyonyesha Romulus na Remus, mapacha wanaosimuliwa kuwa waanzilishi wa Roma, juu yao nyota mbili. Kaisari Konstantino alianza kutoa sarafu hizi mwaka 330, alipozindua Konstantinopoli (Istanbul ya leo), na mji huo mpya nao ukapata sarafu yake. Herufi TRP chini zinaonyesha ilipigwa Trier, Ujerumani ya leo. Aliyenikataza kuisugua kwa ndimu, asante sana. Nyota zile ndogo ningezipoteza.