Mshale wa ramani waganda njiani, injini ikizimwa warudi: nianzie wapi kupima?

Dereva wa Sabaki

Assalam aleikum wenzangu, hamjambo nyote.

Naendesha kempa hapa Malindi, gari la kulala ndani. Ni basi dogo la Kijapani lililoinuliwa paa la bati, lina vitanda, friji ndogo na jiko la gesi. Wageni wangu wengi ni familia za kutoka Nairobi. Twaenda Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, twaenda Marafa, na wanaotaka Lamu nawapeleka kwa njia ya Garsen na Witu hadi Mokowe, gari labaki pale wao wavuka kwa boti.

Redio iliyokuja na gari ilikuwa na ramani ya Japani peke yake, haikunifaa. Ikatolewa, ikawekwa redio ya Android ya skrini kubwa, na kile kidude cha antena ya GPS kikafichwa ndani ya dashibodi, nyuma ya redio. Nimeiunga na betri ya pili, ile ya friji na taa za ndani, kwa hiyo hata gari likizimwa yaendelea kufanya kazi.

Sasa tatizo. Nikiwa safarini mshale huganda. Nishavuka daraja la Sabaki, nimefika Mambrui, ramani bado yasema niko mjini. Mara waruka, wanitia baharini upande wa Ngomeni. Nilidhani ni miti, lakini hata Marereni kwenye mashamba ya chumvi, pahali peupe pasipo na mti wala ghorofa, ni yaleyale. Tukifika kambini nikazima injini, baada ya muda mfupi mshale wakaa barabara pahali pake na hauondoki usiku kucha. Asubuhi tukiwasha gari, hatufiki mbali, umepotea tena.

Simu yangu nikiiweka kwenye kishikio pale kiooni nayo husumbua, si sana kama redio. Nikishuka nayo chini iko sawa.

Vilivyomo garini: kamera ya kurekodi barabara kwenye kioo cha mbele, chaja ya USB kwenye tundu la laita, taa za LED mbele, sola mbili paani na kidhibiti chake. Kioo cha mbele kina tinti juu kwa sababu ya jua.

Mmoja ameniambia redio imekufa, ninunue nyingine. Mwingine akasema ni ile mitambo ya Wataliano Ngomeni, ile ya roketi na setilaiti, inavuruga mawimbi. Mimi sitaki kutoa pesa kabla ya kuujua ugonjwa. Barabara kuu naijua vizuri, siihitaji ramani. Ila nyuma ya Marafa kuelekea Dakacha vijia vya vumbi vyafanana, na nabeba watoto wa watu. Giza likiingia nataka kujua nilipo kwa hakika.

Binti Mambrui

Wa aleikum salaam kaka. Kabla mafundi hawajaja, hakikisha si suala la mtandao, maana wengi wachanganya. GPS haitumii bando. Kifaa chasikiliza setilaiti tu, hakizungumzi nazo. Kinachokula bando ni picha ya ramani. Ukipita Langobaya kwenda Sala, mtandao ukikatika, ramani yaweza kubaki nyeupe lakini nukta yako yaendelea kutembea. Dawa ya hilo ni kushusha ramani ya Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta ukiwa mjini kwenye wifi.

Jingine: mtandao husaidia simu kupata taarifa za mizunguko ya setilaiti haraka. Bila mtandao lazima zipokewe kutoka angani, na hapo mara ya kwanza ni kusubiri zaidi. Kwa hiyo washa ramani ungali Malindi, usingoje ufike porini.

Ila wewe wasema mshale wapotea hata barabara kuu ambako mtandao upo, na huruka. Hilo sidhani ni bando.

Fundi Kisumu Ndogo

Bwana Dereva, jibu lako umeliandika mwenyewe: injini ikizimwa, mshale warudi. Redio iliyokufa haifanyi hivyo. Redio yako ni nzima na ina umeme wake wa betri ya pili. Kinachobadilika ni vile vitu vinavyopata umeme kwa ufunguo wa gari. Kimojawapo chapiga kelele, yaani chatoa mawimbi machafu, kwenye masafa ya GPS, na antena yako imewekwa pahali pabaya kiasi kwamba haiwezi kuishinda hiyo kelele. Ni mambo mawili yamekutana.

Hilo la Ngomeni nataka tulimalize, maana nalisikia kila mtu akipoteza mawimbi, awe wa redio au wa televisheni. Roketi ya mwisho kurushwa pale ilikuwa Machi 1988. Leo kazi yao kubwa ni kusikiliza setilaiti na kuzifuatilia. Na Malindi pana kipokezi cha GPS cha kudumu cha shirika la anga la Ulaya, kimo kwenye mtandao wa kimataifa wa IGS unaotumiwa na wapima ardhi na wanasayansi dunia nzima. Kama anga la Malindi lingekuwa limevurugwa, hicho kingekuwa cha kwanza kulalamika. Na wewe ukishuka na simu chini, hapohapo, iko sawa. Kwa hiyo ubaya umo ndani ya gari.

Sasa elewa udogo wa kitu tunachokisikiliza. Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, na nguvu inayotoka kule haizidi sana ya balbu ya nyumbani. Ikifika kwenye paa lako imekuwa dhaifu kuliko hata kelele ya kawaida ya kipokezi chenyewe, na chaweza kuitambua kwa sababu tu chajua mapema mpangilio wa mawimbi yake. Na haitoshi setilaiti moja: zahitajika nne, tatu za kukuweka pahali na ya nne ya kusahihisha saa ya kifaa. Masafa yenyewe ni megahezi 1575.42. Kamera ya bei rahisi ambayo haikufunikwa vizuri ndani hutoa uchafu hadi kule juu, na ikiwa shubiri moja kutoka kwenye antena, setilaiti zilizo chini karibu na upeo wa macho hufutika zote. Zikibaki tatu mshale huganda. Zikibaki nne tano dhaifu, baadhi zimegonga bati kabla ya kufika, ndipo mshale wakutia baharini.

Tusikisie, tupime. Weka programu ya GPSTest kwenye redio na kwenye simu. Itakuonyesha kila setilaiti na namba ya nguvu yake, imeandikwa dB-Hz. Pahali peupe, setilaiti za juu zatakiwa kusoma 35 hadi 45. Zikisoma 20 na kitu, uko taabani. Ukitazama namba utaona mabadiliko palepale, lakini ukitazama mshale utazunguka siku nzima.

Peleka gari uwanja mtupu, mbali na minazi na kuta. Zima kila kitu, acha redio peke yake, subiri namba zitulie, uziandike. Kisha zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha injini. Hapa ndipo penye siri: namba zikishuka injini ikiwa kimya, ujue alteneta na plagi za injini hazina hatia, ni vifaa vya umeme. Chomoa kamera. Usiizime kwa kitufe, ichomoe, kwa sababu kibadili umeme chake kidogo ndani ya kichwa cha chaja chaendelea kufanya kazi. Tazama. Kisha chaja ya USB, kisha taa. Mwisho washa injini.

Simu itumie kupima kioo. Ishike nje ya dirisha la dereva, usome, kisha iweke nyuma ya kioo cha mbele, usome. Tinti zenye chembe za chuma hula mawimbi, na baadhi ya vioo vya kiwandani navyo vina utando wa chuma. Tinti ya rangi tupu haina neno.

Kuna jambo moja la kweli la angani kwa sisi wa karibu na ikweta, nilitaje ili usije ukachanganyikiwa. Jua likishatua, hasa karibu na miezi ya Machi na Septemba, na zaidi miaka ambayo jua lenyewe lina vurugu, tabaka la juu la hewa lenye chaji hufanya mawimbi yapepese. Hata kifaa kizuri chaweza kupoteza setilaiti kadhaa kwa muda, kisha zikarudi. Lakini ni jambo la usiku. Lako ni la asubuhi kweupe.

Nahodha wa Matondoni

Salaam kutoka Lamu. Fundi amesema yote, mimi naongeza la chumvi, maana ndilo linalotusumbua sisi wa boti, na gari linalolala Mokowe au ufukweni halina tofauti.

Kebo ya antena kwa nje utaiona nzima. Fungua kile kichwa cha kufungia kwa mkono uangalie ndani: sindano ya katikati ikiwa na kutu ya kijani, basi. Antena hizo za sumaku zina kikuza mawimbi ndani yake, na zapata umeme kwa kebo hiyohiyo. Chukua mita, weka waya mwekundu katikati na mweusi kwenye chuma cha pembeni, upande wa redio, redio ikiwa imewashwa. Ukiona volti 3 hadi 5, redio yatoa umeme. Ukiona sifuri, hata ununue antena ya namna gani haitafanya kazi. Shika mkono uliotulia, usigusanishe katikati na pembeni.

Na anayenunua kifaa cha zamani kilichotumika aangalie tarehe. Hesabu ya wiki ya GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019. Vifaa vingi vya zamani tangu hapo vyaonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma. Mahali vyakuonyesha sawasawa, ila jedwali la maji kujaa na kupwa huwa la uongo kabisa. Kwa mtu anayetaka kupita mkondo wa Mkanda, ambako maji yakitoka hakupitiki, hilo si jambo dogo.

Dereva wa Sabaki

Shukran sana, nimefanya kama mlivyoniambia.

Redio peke yake: setilaiti za juu zasoma 27 hadi 31. Si nzuri, lakini mshale watulia. Ufunguo ON bila injini: zikaporomoka hadi 20, nyingine zikatoweka kabisa kwenye orodha. Nilipochomoa kamera zikapanda mbele ya macho yangu, kabla sijaiweka chini. Nikairudisha, zikashuka. Nikabadilisha chaja nikaipa kamera umeme wa nyingine, bado zashuka, kwa hiyo ni kamera yenyewe. Chaja ya USB haikubadilisha kitu, taa kidogo mno, na nilipowasha injini sikuona tofauti.

Umeme wa antena volti 4.9, kichwa kisafi. Tinti haina shida, simu yasoma karibu sawa ndani na nje kamera ikiwa imechomolewa.

Kisha nikafungua dashibodi. Antena ilikuwa imelazwa ubavu juu ya bati la kushikia redio, sumaku yatazama mlango. Kebo iliyobaki imeviringishwa na kufungwa pamoja na waya wa kamera, fundo moja. Nimeitoa nikaiweka juu ya dashibodi chini ya kioo, upande wa abiria: 36 hadi 41, kamera ikiwa imechomolewa. Kamera ikiwashwa, 30.

Nataka kuibakisha kamera, ni ulinzi wangu barabarani. Je, nikiweka vile vipande vyeusi vya sumaku kwenye waya wake itatosha, au nitoboe paa? Na paani sola zimechukua nafasi kubwa.

Fundi Kisumu Ndogo

Umefanya kazi safi. Vile vipande ni vya ferraiti, na husaidia zaidi kwa kelele za masafa ya chini, kama ya redio ya FM. Kwa kelele ya GPS inayotoka kwenye mwili wa kamera havitafika mbali. Dawa ni umbali, na bati kati yao.

Kwa hiyo ndiyo, paa. Weka antena mbele kabisa, juu ya dereva, kabla sola hazijaanza. Isiwe chini ya sola wala kubanwa kando yake, fremu ya alumini na paneli vyaziba anga. Upande wa sumaku chini, mgongo laini juu. Bati lenyewe la paa laisaidia antena kwa sababu lazuia kelele za ndani zisipande. Sumaku peke yake siiamini kwa barabara ya Sala, ongeza silikoni pembeni.

Usitoboe kama waweza kupitisha kebo kwenye mpira wa mlango. Ila kebo hiyo ni nyembamba, mlango usiibane. Ukilazimika kutoboa, kwaruza rangi hadi bati, paka praima kwenye mdomo wa tundu, tia kibana kebo cha mpira, na uache kebo ining'inie chini kidogo nje kabla ya kuingia ili maji ya mvua yadondoke yasifuate waya. Hewa ya hapa haisamehe bati lililo wazi. Kiungo chochote kitakachobaki nje kizungushie ile tepu ya mpira inayovutika na kujishika yenyewe.

Waya wa kamera uhamishie nguzo ya upande wa pili wa gari, na kamera isogeze kutoka nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Kebo ya antena itakayobaki usiiviringishe pamoja na waya wowote wa umeme.

Ukimaliza pima tena kamera ikiwa imewashwa. Ukipata 38 kwenda juu, nenda Dakacha. Ukipata chini ya 33, leta gari nilitazame kabla hujabeba wageni.