Tupeane uzoefu: jini, mzimu au kioja cha Mombasa kilichokufika WEWE, si rafiki ya binamu yako

TuktukYaUsiku

Assalamu alaikum na habari zenu wana Mvita. Naendesha tuktuk usiku, Feri hadi Bondeni, mwaka wa saba sasa. Katika muda huo nishahadithiwa habari ya yule bibi wa kwato mpaka nikaacha kuhesabu. Mwaijua: dereva wa teksi abeba mwanamke mzuri wa buibui, udi wanukia gari zima, akitupa jicho chini aona kwato. Wapo wasemao ni za punda, wapo wa mbuzi, na mmoja aliyeshuka Ganjoni aliniapia ni za ngamia. Mara ashukia makaburi ya Kikowani, mara atoweka kiti cha nyuma kabla ya daraja la Nyali. Dereva naye siku zote ni jirani wa shemeji, na ukitaka uonyeshwe huyo dereva, ashahamia Saudia.

Leo sitaki ya jirani wa shemeji. Nataka kilichokufika wewe, kwa mato yako, masikio yako, tumbo lako, hata kiwe kidogo vipi. Yangu nitaitoa mwisho, maana nikianza nayo mtasema natafuta abiria.

BintiKibokoni

Yangu siikumbuki lakini ilinifika mimi, kwa hiyo naingia. Nilikuwa na miaka mitatu nikashikwa na degedege. Nyanya yangu hakuliita hivyo, aliliita nyuni, kwa kuwa wazee wake walisema ni ndege wa usiku ndiye amdhuruye mtoto mpaka akakakamaa na mato kugeuka. Babangu alitaka hospitali, nyanya alitaka kombe, wakawa wabishana huku mimi nimekuwa gogo. Mwisho mwalimu wa chuoni aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, yale maji yakatiwa kwenye chupa ya soda, na chupa ikapanda gari pamoja nami.

Daktari akapima damu, akasema malaria imepanda kichwani, nikadungwa sindano. Alipogeuka kuandika, nyanya akanipaka kombe uso mzima. Mpaka alipofariki akisema, "Daktari alitoa homa, nyuni nilimtoa mimi." Nina watoto wawili sasa, wote walala ndani ya neti. Ile sahani nyeupe iko kabatini na hailiwi chakula.

KuliWaMbaraki

Enzi za utoto wangu tulikuwa tukicheza mpira karibu na ile nguzo ya Mbaraki, huko kwenye magodauni. Kwa asiyeijua: ni nguzo nene ya mawe ya matumbawe, ndani iko tupu kama bomba, ina kijimlango chini, na kando yake pana msikiti ambao asili yake ni karne ya 15. Kisa tulichopewa ni kwamba msikiti uliachwa ukawa gofu, pepo akahamia, watu wakawa wamwendea kwa haja zao, na nguzo ikajengwa iwe nyumba yake. Ukichungulia ndani waona chupa tupu za marashi, majivu ya ubani, na mara nyingine sarafu.

Sasa nyote mshajua nitasema nini. Niliziiba. Shilingi tatu. Nikanunua kaimati kwa mama mmoja barabarani, nikala peke yangu nisigawie mtu. Usiku tumbo likanishika, siku tatu siinuki. Mamangu akatafuta sababu kila mahali, mimi kimya. Siku ya nne nilipopata nguvu nilirudi pale na sarafu za kulipa, na kwa vile sikuwa na shilingi tatu, nikaweka mbili nikamwambia pepo moja nitaleta Ijumaa.

TuktukYaUsiku

Ulileta?

KuliWaMbaraki

Yakhe, si nilihama.

BintiKibokoni

Kaimati zilikuwa za jana. Kesi imekwisha.

Mwikali_wa_Kitui

Mimi ni mtu wa bara, nilikuja Mombasa kikazi 2014, nikapanga chumba Mji wa Kale. Usiku wa kwanza paka alilia dirishani nikamtupia kiatu. Asubuhi mama mwenye nyumba akaniambia kwa upole, mwanangu, usiku paka hapigwi, hujui ni nani. Nikaomba msamaha. Jioni akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Kitui, Ukambani. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kuniita "dadangu", na tangu siku ile kodi ikichelewa haniulizi. Nina hakika aniogopa mimi kuliko anavyomwogopa paka. Watu wasema Ukambani kuna uchawi. Mimi sina nguvu zozote, lakini sijamwambia.

MtembezaWageni

Nimetembeza wageni ndani ya Fort Jesus tangu mwanzo wa miaka ya tisini. Swali la kwanza wauliza bei, la pili wauliza mizimu. Na kweli wana haki ya kuuliza: ile ngome, waliyoimaliza Wareno 1596, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokufa humo kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Ukitaka mizimu kwa hesabu, pana ya kutosha. Mimi nimeingia mle alfajiri, nimetoka magharibi, nimejificha mvua kwenye kile kijia cha chini kielekeacho baharini. Sijaona kitu. Popo, ndiyo.

Ila siku moja alikuja mzee wa kofia na bakora, peke yake, akakata tikiti kama mtu yeyote. Nikamfuata nikidhani ataka maelezo. Nikaanza: hii yaitwa... Akanikatiza. Akaniuliza kisima bado kina maji. Nikamwambia kipo. Akaniuliza ule ukuta wa upande ule ni nani aliyeubomoa. Nikashangaa, maana kwenye picha za zamani kweli pana ukuta pale. Alipita vyumba vyote akijua ndia mwenyewe, ila kimoja hakuingia. Alisimama mlangoni akaninyooshea pembe kwa bakora, akasema, "Tulikuwa kumi na sita."

Wengi wasahau kwamba Waingereza waliigeuza ngome ile jela mwaka 1895, na ilibaki jela hadi 1958. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita hapo kwa sentensi moja, nikimbilie mizinga ya Wareno ambayo wageni waipenda. Nilimuuliza alifungwa kwa kosa gani. Akaniambia, "Baiskeli." Sikujua kama aliiba au aliibiwa, na sikuthubutu kurudia swali. Kile chumba siku hizi nakianza kwa yeye.

NahodhaMstaafu

Kwa kuwa ngome imetajwa. Babu yangu alikuwa mvuvi na hakutega nyavu mbele ya ngome maisha yake yote. Akisema chini pale pana chombo cha mapepo, kikishika wavu hakiachi. Sisi vijana tukimcheka. Mwaka 1977 wakaja wapiga mbizi na wataalamu wakaanza kutoa vitu chini: manowari ya Wareno, Santo António de Tanná, iliyozama 1697 ilipokuja kuwaokoa waliozingirwa. Kazi iliendelea hadi 1980, na vitu vyenyewe viko makumbusho ndani ya ngome hadi leo. Babu alipoambiwa hakushangaa hata chembe. Aliuliza tu kama wametoa wavu wake.

Mpingani

Mzee, shikamoo, lakini chini pale pana matumbawe pia. Pengine wavu ulishikwa na jiwe, akasingiziwa Mreno.

NahodhaMstaafu

Marahaba. Pengine. Wavu lakini haukurudi.

Karisa_wa_Kaloleni

Naomba watu wa mjini mtofautishe. Kila kitu mwakiita jini. Kwetu Wagiriama kuna koma, na koma si jini, koma ni mtu wako. Ni babu yako aliyekufa na bado ana neno na wewe. Hakutokei akiwa na kwato. Hukujia ndotoni akakulaumu, kama alivyokulaumu akiwa hai.

Kwetu, mtu aliyekuwa wa Gohu, yaani chama cha wazee wenye heshima, akifa huchongewa kigango: mti mrefu kimo cha mtu au kupita, una kichwa na kifua kilichochongwa kwa pembetatu. Kikishasimikwa hakiondolewi hata boma likihama. Huachwa pale mpaka mchwa na mvua wamalize kazi yao. Cha babu yangu kilisimikwa kabla sijazaliwa. Siku moja nikiwa darasa la tano tulitoka shambani tukakuta shimo. Ameondoka.

Nyanya hakulia. Alikaa barazani siku mbili hali chakula. Siku ya tatu akasema ameota babu anamwuliza, "Mbona mmenisimamisha mahali penye baridi?" Tulidhani ni maneno ya uchungu, Kaloleni hakuna baridi. Miaka mingi baadaye nikiwa kazini Mtwapa, mtu akanionyesha picha za vigango vya kwetu ndani ya majumba ya makumbusho Marekani, vimepangwa ukutani chini ya taa. Viliibwa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii na wenye maduka ya vinyago, vikafika huko. Baadhi vimerudishwa nchini. Cha babu sikukiona, na nimezikagua zile picha moja moja mpaka mato yakauma.

Aliyekiiba tulimjua baadaye. Hakuwa mgeni. Alikuwa kijana wa ukoo, pesa zake alinunulia baiskeli. Watu walingoja apatwe na balaa, na kwa kweli hakupatwa na kitu, yuko hai, ana wajukuu. Hilo ndilo linalonisumbua mimi kuliko ndoto.

Mwikali_wa_Kitui

Pole sana, kaka. Na hiyo ya baridi imenisimamisha nywele.

MtembezaWageni

Karisa, pole. Umenikumbusha, Waingereza walipoilipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti mwaka 1914 walidhani wamemaliza kitu. Wageni wangu huwa nawapa ile ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, na kuku: alivyoweka kuku na vifaranga mbele ya afisa Mwingereza, akamwambia chukua kifaranga kimoja. Mzungu akainama, akadonolewa. Ndivyo itakavyokuwa, akamwambia, ukijaribu kuchukua mmoja wa watoto wetu. Wakamfunga, wakampeleka magharibi mwa nchi, akatoroka akarudi Pwani kwa miguu.

Karisa_wa_Kaloleni

Kwetu hiyo husimuliwa na mtu mwenye kuku mkononi, ili usilale.

MamaMakadara

Nimeyasoma yote nikicheka peke yangu jikoni. Wanangu, nyie mwamtafuta bibi wa kwato. Bibi wa kwato ni mimi.

Mwaka 1987 tulikuwa harusini Makadara, tumecheza lelemama mpaka saa nane za usiku. Nataka kutoka, viatu vyangu havipo mlangoni. Vimeibwa, ndiyo desturi ya harusi. Mwenye nyumba akaona haya, akaniletea mitalawanda yake ya msalani, ile ya mti, mizito, yenye visigino viwili virefu. Nikaivaa. Nimevaa buibui la kamba, nimejifukiza udi wa harusi, nimejifunika uso kwa sababu ni usiku na niko peke yangu. Lami kavu, mji kimya. Ko, ko, ko, ko.

Nikasimamisha teksi. Nikaingia nyuma, nikamwambia Tudor. Hatukufika mbali akaanza kunitazama kwa kioo. Nami miguu yaniuma, nikaipandisha mmoja juu ya mwingine, mtalawanda ukagonga mlango: ko! Akageuka akatazama chini. Kulikuwa na kijimwanga cha taa ya barabarani. Akasimamisha gari katikati ya ndia, akafungua mlango, akakimbia. Hakuzima hata injini. Nilimwita, "Wewe! Rudi!" Nadhani hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikaa ndani ya lile gari kama robo saa nikingoja arudi, kisha nikashuka nikatembea mpaka nyumbani, ko ko ko, nikiogopa mimi. Wiki ya pili niko sokoni Mwembe Tayari, mwenye mchicha anihadithia: dada, umesikia, juzi jini limepanda teksi, lina kwato. Baada ya mwezi zishakuwa za punda. Baada ya mwaka nishahamishiwa daraja la Nyali. Mpaka Idi moja shemeji yangu alikuja kunitisha nayo sebuleni kwangu.

Mpingani

Mama, shikamoo, hadithi tamu. Lakini marehemu babangu aliisikia hiyo ya kwato akiwa kijana, kabla ya 1987 kwa miaka mingi. Na Dar wanayo, na Tanga, na Unguja.

MamaMakadara

Marahaba mwanangu. Basi na huko nako kuna harusi na wezi wa viatu.

KuliWaMbaraki

Nimekufa mimi.

BintiKibokoni

Mitalawanda uliirudisha?

MamaMakadara

Ninayo. Huivaa mara mojamoja nikienda kupunga upepo.

TuktukYaUsiku

Mama, nilikuwa nimeapa kutoa yangu mwisho, na sasa natetemeka kuiandika.

Mwaka juzi, saa saba na nusu usiku, nilibeba mwanamke wa buibui kutoka Makadara. Hakusema neno ila "Mama Ngina." Udi. Udi mtupu. Nilifika pale kwenye mibuyu ile mikubwa, akanigusa bega, nikasimama. Akanipa noti ya mia mbili, nauli ni mia na hamsini. Nikainama kutafuta chenji kwenye kijimkebe, na pale chini ndipo ilipo miguu ya abiria, ukigeuza shingo kidogo tu. Sikuigeuza. Nilifumba mato kabisa, naapa, mtu mzima na watoto watatu. Nikamsikia ashuka, kisha ko, ko, ko, yaelekea kwenye mibuyu, polepole, haina haraka. Niliondoa tuktuk bila kuwasha taa.

Kama ulikuwa wewe, mama, chenji yako shilingi hamsini ninayo. Iko palepale kwenye mkebe, sijaitumia.