Utumbo umetoboka: apasuliwe hapa Malindi au tumkimbize Mombasa kwa kamera?

MwanaShela: Assalam aleikum jamani. Ami yangu tumbo lilimshika jana alfajiri, likawa gumu kama ubao, leo eksrei imeonyesha hewa chini ya kiwambo, ule msuli kati ya kifua na tumbo, na daktari asema ni kidonda cha tumbo kimetoboka, na kweli alikuwa ameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu inayoweza kuleta vidonda vya tumbo, kila siku kwa ajili ya mgongo. Wako tayari kumpasua saa hii. Binamu yangu ashikilia twende Mombasa afanyiwe ile ya kamera kupitia matundu madogo, ati mtu hupona haraka. Kwani tofauti ni kubwa hivyo?

NesiWaThieta: Pole sana dadangu. Nimesimama kwa zote mbili, na huko ndani kazi ni ile ile: shimo lashonwa, kipande cha ule utando wa mafuta unaofunika matumbo chavutwa kikafungiwa juu yake, halafu uchafu waoshwa kwa maji mengi ya chumvi. Kuziba kwa mafuta hivyo Graham wa Kanada aliandika tangu 1937, kwa kamera wakaanza 1990. Kinachobadilika ni njia ya kuingilia tu. Kwa kamera maumivu baadaye ni kidogo na kidonda cha nje hakishiki usaha sana, hilo ni kweli kabisa. Lakini tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi, na mgonjwa ambaye presha imeshuka gesi ile yamlemea, tena mara nyingi kazi yachukua muda zaidi. Ami ashapita masaa 24, uchafu wamwagika tu. Kilomita 120 za barabara kwa ajili ya kovu dogo? Hapana. Apasuliwe hapo hapo.

Bajuni_wa_Lamu: Naunga mkono. Mdogo wangu ilikuwa taifodi, utumbo mwembamba kule mwisho ulitoboka sehemu mbili, ikabidi wakate kipande na kuunganisha, wakapasua kawaida na leo yuwaenda baharini.

MwanaShela: Na nimesikia kuna klipu ya kubana shimo, hakuna kupasua kabisa??

NesiWaThieta: Ipo, huwekwa kwa endoskopi, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, ila yafaa zaidi tundu dogo lililotokea wakati wa kipimo chenyewe, utumbo bado msafi na daktari amelionea pale pale. Si hali ya ami yako. Asile wala kunywa chochote, hata maji, dripu na antibayotiki zianze sasa.

MwanaShela: Presha imeshuka kweli. Babangu ashasaini, wamempeleka thieta. Binamu kanuna lakini basi.

NesiWaThieta: Mumefanya vyema. Akitoka ulizeni kipimo cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo, maana kuziba shimo hakuwaondoi, wakiwemo ami atibiwe la sivyo kidonda chaweza kurudi. Na diklofenaki iondoke nyumbani, ibuprofeni pia kwani ni za aina moja, mgongo watafutiwe dawa nyingine.