Mbwa niliyemchukua kituoni hatoki nyuma ya tangi la maji: je, nimfunge mnyororo?

Mkazi wa Kinyerezi

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Siku tisa zilizopita nilichukua mbwa jike kutoka kituo kinachohifadhi wanyama waliookotwa mitaani. Daktari wa pale, kwa kutazama meno yake, alimkadiria kuwa na miaka miwili au zaidi kidogo. Ni wale mbwa wetu wa kawaida ambao watu huwaita koko: rangi ya mchanga, masikio yaliyosimama, na kovu refu kwenye paja la nyuma ambalo hakuna anayejua lilitokana na nini. Tumemwita Tunu.

Tangu alipofika amejibanza nyuma ya tangi la maji, kwenye upenyo wa kama futi mbili kati ya tangi na ukuta. Mchana hagusi chakula. Nikimwekea sahani ya ugali na dagaa kisha nikabaki pale, hunitazama kwa pembe ya jicho huku akilamba midomo, halafu hugeuzia uso wake ukutani. Nikiingia ndani na kuzima taa ya kibarazani, asubuhi naikuta sahani imelambwa mpaka inang'aa. Usiku wa tano alichimba chini ya geti, tukamkuta amekwama, kichwa nje na kiwiliwili ndani. Juzi mwanangu wa miaka saba alipiga magoti na kuingiza mkono kwenye ule upenyo ili ampapase, Tunu akanguruma. Hakumuuma, lakini mume wangu amesema jambo hilo likijirudia mbwa arudishwe alikotoka.

Mlinzi wa jirani ananishauri nimfunge mnyororo mchana na kumfungulia usiku, kwa maelezo kwamba ndivyo mbwa anavyozoea nyumba na kuwa mkali. Na jirani yangu wa upande wa pili, mama wa Kiislamu ambaye tumeishi naye vizuri miaka mingi na ambaye watoto wake walikuwa wakishinda kwangu, ameanza kuwazuia wasije. Je, siku tisa zinatosha kusema kwamba mbwa huyu hatazoea?

Mfugaji wa Goba

Dada yangu, siku tisa ni chache mno. Wengi tuliowahi kupokea mbwa wa namna hiyo hukadiria siku tatu za mshtuko, wiki tatu za kuanza kuielewa ratiba ya nyumba, na miezi mitatu kabla ya tabia yake halisi kuonekana. Hayo ni makadirio tu ya wafugaji, na kwa mbwa aliyekulia mtaani mimi huongeza muda bila kusita.

Jaribu kuyatazama maisha yake kwa macho yake mwenyewe. Katika mitaa yetu, mtu anayeinama mbele ya mbwa koko mara nyingi anaokota jiwe. Ndiyo maana hata ukiinama kumwekea chakula kwa upendo wote, yeye anaona kile kile alichokiona sokoni na kwenye majalala. Mwanao naye alipiga magoti, akaingiza mkono mahali ambapo Tunu hana njia ya kutokea. Kwa mbwa aliyenusurika kwa kukimbia, kunguruma pale ni kuomba asisogelewe tena. Nakusihi asipigwe wala kufokewa kwa sababu hiyo, kwa kuwa mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuacha kutoa onyo, na siku nyingine huuma moja kwa moja.

Hapo ndipo ninapopingana kabisa na ushauri wa mnyororo. Mbwa mwenye hofu ana mambo mawili ya kujiokoa nayo, miguu na meno, na ukimfunga umemwondolea miguu. Atakuwa mkali, ni kweli, ila ukali huo hautachagua kati ya mwizi na mwanao. Ziba kwanza njia ya kutorokea: panga tofali chini ya geti kwa ndani, na mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu mara tu atakapokubali kuguswa. Usimtoe nyuma ya tangi. Mtandikie gunia kavu pale pale, hakikisha pana kivuli mchana kutwa na maji safi karibu, kisha mweleze mwanao kwamba mahali hapo ni pa Tunu na hakuna mtu anayeingia.

Kilichonisaidia mimi ni kigoda na mchele. Dume langu la kwanza lilikaa chini ya ngazi kwa wiki tatu. Kila siku saa kumi na moja jioni niliweka sahani, nikasogea hatua kama sita, nikakaa nimeligeuzia ubavu na kuchambua mchele kwenye ungo, bila kuliita wala kulitazama. Siku za mwanzo halikutoka. Baadaye lilianza kula nikiwa pale, shingo imenyooshwa na miguu ya nyuma imebaki chini ya ngazi, tayari kurudi. Kila baada ya siku mbili tatu niliisogeza sahani upande wangu kwa shubiri moja. Jioni moja nilihisi pumzi ya moto kwenye kiwiko, nikaendelea kuchambua mchele ingawa moyo ulinienda mbio. Sikumgusa siku ile. Nilipomgusa baadaye nilianzia kifuani, chini ya shingo, kwa sababu mkono unaopita juu ya kichwa unamkumbusha kipigo.

Muda uwe ule ule kila siku, na mtu awe yule yule. Wageni wanaotaka kumwona wasubiri.

Daktari wa mifugo

Naunga mkono aliyotangulia kusema Mfugaji wa Goba, na ninaongeza upande wa afya, kwa sababu mara nyingine tunachokiita woga kina maumivu ndani yake. Mbwa mwenye homa ya magonjwa yanayoenezwa na kupe hujificha, hukataa kula na hana nguvu. Akikubali kushikwa, inua mdomo wake wa juu utazame ufizi: ukiwa umepauka badala ya kuwa na rangi ya waridi, usisubiri azoee nyumba ndipo umlete. Kwa joto la Dar es Salaam kupe wa mbwa huzaliana mwaka mzima, na hutaga mayai kwenye nyufa za kuta, kwa hiyo kumtibu mbwa peke yake bila kushughulikia ukuta na ule upenyo nyuma ya tangi ni kazi bure. Tafadhali msikisie vipimo vya dawa ya kuogeshea ng'ombe na kummwagia mbwa. Nimepokea waliofika wakitetemeka kwa sumu ya dawa hiyo.

Kwa kuwa ni jike aliyeishi mtaani, muulize daktari wa kituo kama alifungwa kizazi na kama alichunguzwa uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa wakati wa kupandana. Dalili yake ya kawaida ni matone ya damu yasiyoisha, ambayo wenye mbwa hudhani ni damu ya kawaida ya jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka kupandwa. Mara nyingi uvimbe huo hupona kwa sindano za kila wiki, kwa hiyo usiogope kuuliza.

Halafu kichaa cha mbwa. Dai cheti cha chanjo kabla ya jambo jingine lolote, na kama hakipo, achanjwe upya, kisha chanjo irudiwe kwa tarehe atakayokupangia daktari wake. Hapa kwetu kawaida ni kila mwaka. Karibu maambukizi yote ya ugonjwa huu kwa binadamu, kiasi cha asilimia 99, hutokana na mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mgonjwa karibu hakuna anayepona. Ikitokea mtoto ameumwa au amekwaruzwa, hata kidogo, na hata na mbwa mnayemfahamu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa asiuawe kwa hasira; afungiwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu hali yake katika siku hizo huwasaidia madaktari wanaomhudumia mtoto.

Kuhusu chakula, ugali na dagaa vinafaa kwa kuanzia, mradi dagaa wachemshwe bila chumvi wala kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mpe kidogo mara mbili kwa siku. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, kwani hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Mkazi wa Kinyerezi

Ahsanteni sana. Nimepiga simu kituoni: amefungwa kizazi na cheti cha chanjo kipo. Tofali zimepangwa leo, na mume wangu amekubali kusubiri. Linaloniumiza zaidi sasa ni la jirani. Sipendi mbwa awe sababu ya kuvunja ujirani, na naona haya hata kulianzisha.

Mzee wa Tandika

Mwanangu, mimi ni Muislamu na nimefuga mbwa wa ulinzi uani kwangu, kwa hiyo niruhusu nikueleze jambo ambalo huenda jirani yako anaona vigumu kulisema. Wengi wetu huku pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwetu mate na unyevu wa mbwa ni najisi; chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama huyo huenda hana chuki na wewe wala na mbwa wako. Anafikiria nguo ambazo watoto wake watarudi nazo na mkeka wa kuswalia. Mbwa mkavu akimpitia mtu mkavu hakuna cha kuoshwa, ila watoto wakicheza hawapimi mambo hayo.

Nenda kwake wewe mwenyewe, usimtume mtoto, na usingoje mpaka neno baya litamkwe. Mwambie kwamba unajua jambo hili lina uzito kwake, kisha mwoneshe utakachofanya: sahani na ndoo ya mbwa vitengwe na vioshewe upande wa mbali na ukuta wake, maji ya kuoshea uani yasielekee kwake, kinyesi kizolewe kila asubuhi, na watoto wanapokuja geti la ndani liwe limefungwa. Mimi nilifanya hivyo na tukaelewana. Baadhi ya majirani zangu waliobaki na shaka walilainika tulipokumbushana hadithi ya yule aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Kumhurumia mnyama na kujitenga na najisi yake ni mambo yanayokaa pamoja katika nyumba moja.

Mkazi wa Kinyerezi

Shikamoo mzee wangu, na wote mliojibu. Leo ni siku ya 31. Nilikwenda kwa jirani kama ulivyoelekeza, tukazungumza karibu saa nzima, na kumbe alikuwa akisubiri nianze mimi. Watoto wake wanakuja tena alasiri, na geti dogo la kuelekea uani hufungwa mpaka waondoke.

Tunu sasa hula nikiwa nimekaa, hatua mbili hivi kutoka kwangu. Mwanangu amepewa kazi yake: kila jioni hukaa kwenye kigoda, mgongo kwa tangi, na kusoma kitabu chake cha shule kwa sauti. Siku ya 26 Tunu alilala na kichwa chake kikiwa nje ya upenyo mpaka sura ikaisha. Jana usiku umeme ulipokatika alitoka mwenyewe, akazunguka uani mara mbili, kisha akajilaza mlangoni juu ya kandambili za mume wangu. Tuliziacha hapo hadi asubuhi.

Bado akiona fagio la chelewa mkononi mwa mtu hukimbilia nyuma ya tangi na hatoki kwa saa kadhaa. Kwa sasa nafagia akiwa anakula upande wa pili wa nyumba. Kama yupo aliyewahi kumzoesha mbwa mwenye hofu ya fagio, naomba anieleze alianzaje.