Uyole hadi mjini Mbeya: Kosta, bajaji, gari binafsi au miguu? Tulinganishe

Mama wa Uyole (mleta mada)

Ndugu zangu wa Mbeya na majirani wa Nyanda za Juu Kusini, naomba tusaidiane kulinganisha kwa makini, kwa kuwa jambo hili linagusa muda wetu, fedha zetu na mapafu ya watoto wetu. Naishi Uyole na kazi yangu iko katikati ya mji, ukishapanda kutoka Mafiati. Kila asubuhi natoka na binti yangu wa darasa la tatu, ambaye ana pumu na hushuka Soweto kwenda shule. Miaka yote tumepanda daladala. Sasa mume wangu anataka tukope tununue gari dogo, na jirani yangu ananishauri nikubaliane na kijana wa bajaji atupeleke na kuturudisha kwa malipo ya mwezi.

Nilichokiona mwenyewe ni hiki. Kosta ni nafuu kuliko vyote, lakini husubiri ijae, kisha husimama Nanenane, Sae, Ilomba na Mama John, na mara nyingi husimama barabarani kabisa badala ya kuingia pembeni, hivyo malori yaliyo nyuma yake hubaki yakiunguruma mpaka konda aridhike. Bajaji huondoka mara moja na hupenya foleni, ila iko wazi pande zote, na mtoto anakaa kwenye kimo kilekile cha bomba la moshi la gari lililo mbele. Gari binafsi lina vioo vya kufunga, lakini nikihesabu mafuta, matengenezo na mkopo, naona mshahara wangu utaishia barabarani. Kutembea kutoka Uyole hadi mjini si jambo la kila siku, ingawa wapo wanaofanya hivyo kwa kukosa nauli, na hao ndio wanaovuta vumbi kuliko sisi sote.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili kwa pamoja: kipi kinaifaa familia kama yangu, na kipi kinalifaa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603. Watu zaidi ya 156,000 wameongezeka katika bonde lilelile na kwenye barabara kuu ileile. Nikinunua gari, na kila mwenzangu akinunua, sijui kama kutakuwa na mtu atakayefika kazini.

Fundi wa Soweto

Mama, salamu. Mimi natengeneza injini za dizeli, na nitazungumzia moshi peke yake, kwa sababu watu wengi huwalaumu madereva kwa jambo ambalo nusu yake linatokana na mahali tulipo. Mbeya iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban meta 1,700, na katika kimo hicho mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya zamani isiyo na tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, inavuta hewa pungufu, lakini pampu yake, ikiwa ilipimwa kwa matumizi ya pwani, inaendelea kusukuma dizeli ileile. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui ikaisha. Hutoka ikiwa masizi meusi, hasa gari linapopanda likiwa limejaa. Ndiyo sababu Kosta iliyonunuliwa Dar es Salaam ikiwa safi inaonekana kama tanuri siku inapopandisha kuelekea mjini.

Tiba yake haihitaji fedha nyingi: kupunguza kipimo cha pampu kulingana na mwinuko, kupima nozeli zinazopulizia mafuta, na kusafisha au kubadilisha chujio la hewa mapema, kwa kuwa vumbi letu la kiangazi hulijaza kabla ya wakati wake. Mafuta yenyewe yamekuwa bora tangu mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki ziliposhusha kiwango cha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kwa hiyo ukiona moshi mweusi leo, usiseme mafuta ni mabaya, tazama injini. Mmiliki anayekataa kufanya matengenezo kwa sababu gari "bado linatembea" anawapelekea gharama hiyo abiria wake na watoto waliosimama kituoni.

Dereva wa Bajaji, Kabwe

Shikamoo mama, na shikamooni wakubwa wote.

Naomba tusihukumiwe kwa haraka. Mimi naingia Isyesye, Ituha na mitaa ya milimani ambako Kosta haifiki, na mvua za Januari zikinyesha hata gari dogo haliingii. Mama mjamzito wa huko akiumwa usiku hatafuti Kosta. Pia injini yangu ni ya petroli na ni ndogo, haitoi masizi kama ya dizeli iliyochoka.

Hata hivyo nitasema ukweli ambao wenzangu wa kijiweni hawataupenda: safari ndefu ya Uyole hadi mjini kwa barabara kuu si kazi ya bajaji. Sheria inaniruhusu kubeba abiria watatu. Abiria 30 wanahitaji bajaji kumi, na kila moja ina urefu wa zaidi kidogo ya meta mbili na nusu. Ukiongeza nafasi kati ya moja na nyingine, utapata mstari wa karibu meta 45 barabarani. Kosta moja yenye urefu wa meta saba inawabeba karibu wote. Halafu sisi tukiwa pale kati ya malori yanayoelekea Tunduma, uhai wetu unategemea breki za mtu mwingine. Mimi mwenyewe nimeacha kupeleka watu Mbalizi kwa sababu ya mteremko wa Iwambi. Niliona bora nipate kidogo kwa amani.

Mwanairinga

Nawasalimu kutoka Iringa. Ulinganisho wenu umekosa kitu kimoja ambacho sisi tumebahatika nacho bila kukipanga: mji wetu uko juu ya kilima, na barabara kuu ya Zambia inapita chini, Ipogolo. Lori linalokwenda Tunduma halina sababu ya kupandisha hadi Miyomboni. Ukisimama sokoni Iringa asubuhi utasikia daladala na bodaboda, lakini hutasikia lori la tani 30 likishusha gia. Mbeya mambo ni kinyume, kwani barabara kuu ndiyo mtaa wenu wa soko. Mwanjelwa na Kabwe zimekaa juu yake.

Lakini msidhani kuondoa magari makubwa ni faida tupu. Stendi kuu ya mabasi ya mikoani ilipohamishiwa Igumbilo, katikati ya mji pakapumua, na hilo ni jema. Ila abiria anayefika na mizigo usiku sasa hulipa nauli ya pili kupandisha mjini, na mama lishe waliokuwa wakitegemea stendi ya zamani walilazimika kuanza upya. Mkipanga ya kwenu, wapangieni na hao mapema.

Mhandisi Mstaafu

Mwanairinga amegusa kiini, nami nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa nimefanya kazi za barabara muda mrefu na jambo hili huniuma.

Foleni ya Mbeya imesukwa kwa safari za aina mbili ambazo hazina uhusiano wowote. Kuna safari ya Mama wa Uyole, ya kilomita chache, inayorudiwa kila siku. Na kuna safari ya lori linalotoka bandarini Dar es Salaam kwenda Lubumbashi au Lusaka, ambalo halina shughuli yoyote mjini kwetu isipokuwa kupita. Tunazipitisha kwenye lami moja, kisha tunashangaa. Upanuzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ni kazi kubwa na ilihitajika; lakini njia nne zinazobeba safari zote mbili zitajaa tena, maana barabara ikiwa nyepesi watu waliokuwa wakisita kununua magari huyanunua. Barabara ya mchepuko, yaani ya kuzunguka nje ya mji, ile ya takriban kilomita 49 iliyosanifiwa kutoka Uyole hadi Songwe, ndiyo inayotenganisha. Nikiulizwa kipi kingetangulia kati ya hivyo viwili, nitajibu mchepuko, bila kusita.

Tuwe waangalifu na jambo moja, hata hivyo. Malori ya Malawi hukata kona palepale Uyole kwenda Tukuyu na Kasumulu. Mchepuko hautayaondoa hayo, na kama makutano hayatasanifiwa vizuri, foleni itahama Mwanjelwa na kwenda kuishi mlangoni kwa mleta mada.

Njia nyingine ya kupunguza malori ni kuacha kutumia malori. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inapita hapa hapa Iyunga, na kila behewa la shaba au mbolea ni lori moja au mawili ambayo hayakupita mbele ya shule. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Tanzania na Zambia, nalo, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilibeba mafuta ghafi kwa miongo mingi; tangu mwaka 2023 linapeleka Ndola dizeli iliyokwisha kusafishwa, na dizeli iliyo ndani ya bomba haihitaji tanki la barabarani. Wakazi wa Mbeya wanapaswa kuzifuatilia habari za reli na bomba kama wanavyofuatilia habari za lami, kwa sababu zinahusu hewa yao.

Na kwa daladala: jambo dogo lenye faida kubwa ni vituo vya kuchepukia, yaani nafasi za kusimama pembeni mwa barabara, vyenye urefu wa kutosha Kosta tatu kuingia kwa pamoja, na vivuko vya waenda kwa miguu vilivyo karibu na vituo hivyo, si meta mia tatu mbali ambako hakuna atakayekwenda.

Mhudumu wa Afya, Forest

Naongezea upande wa kifua, kwa sababu katika wodi ya watoto tunayaona madhara ya hewa hii Juni na Julai kwa macho yetu.

Mbeya imekaa kati ya Loleza na safu za Uporoto. Usiku wa kipupwe hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kutoka milimani na kutulia bondeni, na hewa yenye joto kidogo hukaa juu yake kama kifuniko juu ya sufuria. Moshi wa magari, wa majiko ya mkaa na wa taka zinazochomwa hubaki chini ya kifuniko hicho mpaka jua lipande, kwenye saa tatu au nne asubuhi. Yaani saa ambayo tunawapeleka watoto shule ndiyo saa ambayo hewa haiendi popote. Atakayepanda juu kidogo asubuhi ya Julai ataliona tabaka hilo la kijivu limelala juu ya Mwanjelwa.

Naomba pia tutofautishe vumbi na moshi. Vumbi la barabara za udongo lina chembe kubwa kiasi. Nyingi hunaswa puani na kooni, husababisha mafua na macho mekundu. Masizi ya dizeli yana chembe ndogo kuliko mikromita 2.5, ambazo hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishusha kiwango cha chembe hizo ndogo kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila meta ya ujazo, na hapa nchini tuna kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007. Kanuni zipo, kinachohitajika ni vipimo vinavyosomwa kila siku mahali watu wanapopumua, kama Kabwe na Uyole, na matokeo yabandikwe yaonekane.

Kuhusu gari binafsi, mama, vioo si ngao kama unavyodhani. Ukiwa nyuma ya lori huku feni ikivuta hewa ya nje, moshi wake unaingia na kubaki ndani pamoja nanyi. Ukifunga njia ya hewa ya nje unapokuwa kwenye foleni inasaidia. Kwa mtoto mwenye pumu, kitu cha kwanza ni dawa yake ya kuvuta ya kuzuia, itumike kila siku kama alivyoelekezwa na si siku ya shambulio tu. Cha pili ni saa ya kusafiri. Chombo cha kusafiria kinafuata baada ya hapo.

Dereva wa Bajaji, Kabwe

Nimejifunza kitu kwa daktari. Sisi tunashinda pale barabarani kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi usiku, na sijawahi kusikia mtu akituuliza habari za vifua vyetu.

Mhudumu wa Afya, Forest

Mimi ni muuguzi, mdogo wangu, lakini ulichosema ni kweli na ni kizito. Ukiwa na kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili, usikisingizie vumbi. Njoo upimwe, na kifua kikuu kikiwemo.

Mama wa Uyole (mleta mada)

Marahaba mwanangu wa bajaji, na asanteni nyote. Nimewasomea majibu yenu nyumbani, na tumeamua hivi. Gari hatununui mwaka huu. Binti tutamhamishia shule iliyo karibu nasi huku Uyole muhula ujao, atembee na wenzake kwa njia ya ndani isiyogusa barabara kuu. Nasikitika kwamba sikuwahi kulifikiria hilo kwa sababu nilikuwa nalinganisha vyombo tu, wala si safari yenyewe. Mimi nitapanda Kosta ya saa kumi na mbili, kabla foleni haijashikana, na bajaji nitaichukua siku za mvua kutoka nyumbani hadi kituoni.

Mkutano wa mtaa wetu ni Jumamosi. Nitapeleka hoja mbili: kituo cha kuchepukia chenye urefu wa Kosta tatu, na kuuliza makutano ya kona ya Tukuyu yamesanifiwaje iwapo mchepuko utajengwa. Mzee Mhandisi, kama uko jirani, naomba uje ukae mstari wa mbele, maana nikiulizwa habari za michoro nitahitaji mtu wa kunishika mkono.

Mhandisi Mstaafu

Nitakuja, mama. Nitafika mapema tupite kwanza pale kwenye makutano tukapime kwa hatua nafasi iliyopo kati ya lami na mtaro.