Picha za nyuklia na mishipa mipya ya damu katika baridi yabisi

Swali
Ndugu wanajukwaa, nafahamu kwamba katika baridi yabisi ya rumatoidi utando wa ndani ya kiungo hunenepa na kuota mishipa mipya ya damu, nayo ndiyo inayoulisha utando huo hadi ukafikia kula gegedu na mfupa. Altrasaundi ya Dopla huonyesha damu inavyopita humo. Je, picha za nyuklia, yaani zile zinazopigwa baada ya mgonjwa kudungwa kiasi kidogo cha dawa yenye mionzi, huongeza nini?

Jibu la 1
Huonyesha molekuli, si mkondo wa damu. Seli za ukuta wa mshipa zinapochochewa kuchipua, hasa na protini iitwayo VEGF, hujaza juu ya uso wao kipokezi kiitwacho integrini αvβ3, ambacho katika mishipa iliyotulia ni haba. Kipo kipande kifupi cha protini chenye asidi amino tatu, yaani arjinini, glisini na asidi aspatiki (RGD), kinachonasa kwenye kipokezi hicho. Kikiunganishwa na teknishiamu-99m, elementi yenye mionzi ambayo nusu-uhai wake (muda wa mionzi kupungua hadi nusu) ni saa 6, picha hupigwa kwa kamera ya gama au SPECT (kamera hiyo ikizungushwa ili kupata picha za pande tatu); kikiunganishwa na galiamu-68, ambayo nusu-uhai wake ni dakika 68, hupigwa kwa PET, mashine ya kunasa mionzi inayotokana na positroni. Tena viungo vingi huonekana kwa mkupuo mmoja, ilhali altrasaundi hupita kiungo kimoja kimoja na hutegemea sana mkono wa mpimaji.

Muulizaji
Nashukuru. Lakini PET ya sukari iliyotiwa mionzi, yaani FDG, nayo hung'arisha viungo vilivyovimba. Kwa nini tusitosheke nayo?

Jibu la 2
FDG humezwa na seli yoyote inayotumia glukosi kwa wingi, zikiwemo makrofaji (seli za kinga zinazojaa penye uvimbe), kwa hiyo hutujulisha kwamba pana uvimbe bila kutuambia kama mishipa inachipua. Hata hivyo, nisingependa RGD isifiwe kupita kiasi. Integrini hiyo hiyo imejaa kwenye osteoklasti, zile seli zinazomumunyua mfupa, na hata makrofaji huwa nayo, hivyo doa linalong'aa kando ya mfupa uliolika si ushahidi wa mishipa peke yake. Viungo vya vidole navyo ni vidogo, na PET ya kawaida hupata shida kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko milimita 4 au 5. Kwa maoni yangu, nafasi yake ya sasa ni kwenye utafiti, hasa kulinganisha picha za kabla na baada ya dawa. Kwenye kliniki, altrasaundi na MRI, ambazo hazimwachii mgonjwa mionzi, bado zinatangulia.