DJ katuharibia Raiders of the Lost Ark, nataka buku yangu

Wakuu nina hasira hapa nilipo. Jumamosi nimepita kibandani kwa jamaa anayetuwekea movie kwenye flashi, nikamwambia nataka Raiders of the Lost Ark ile ya 1981 ya Harrison Ford, mzee wangu aliiona enzi za mikanda ya video na haachi kuitaja. Jamaa akasema ipo, tena imetafsiriwa, buku tu. Nikaona poa, maana Kiingereza kwa mzee hakipandi na maandishi madogo hayaoni.

Kwanza movie ni dakika 115, mimi nimepewa ya 91!! Zingine kala nani?

Halafu huyo DJ sasa, yule anayetafsiri kwa kuongea juu ya movie. Sanduku la Agano, ndilo hilo Lost Ark linalotafutwa, yeye analiita "boksi la dhahabu la Farao". Mzee akashtuka, hilo si la Farao, hilo lina zile mbao za amri za Musa, mbona huyu kijana anadanganya watu? Na mzee yuko sahihi, watu wa Hitler wako Misri mwaka 1936 wanalisaka wakiamini jeshi litakalolibeba halipigiki, sasa kama ni dhahabu tu stori nzima imekufa.

Kilichoniuma zaidi ni chumba cha ramani. Indy, yaani Indiana Jones anayechezwa na Harrison Ford, anashuka kwa kamba, anachomeka fimbo kwenye tundu la sakafu, juu yake kuna kile kidani chenye jiwe, jua linapanda taratibu mpaka mwale unapita kwenye jiwe na kutua kwenye kajengo kamoja kwenye ule mfano wa mji, kuonyesha Sanduku lilipo. Pale muziki wa John Williams ndio unaongea, mwili unasisimka. DJ anasalimia washkaji zake na kutaja namba ya simu!!

Na kabla ya hapo kuna babu anasoma kidani, upande mmoja unasema fimbo iwe kadam 6 (kadam ni kipimo cha urefu), wa pili unasema punguza 1 kwa heshima ya Mungu wa Waebrania, Wajerumani wana upande mmoja tu, ule uliomuunguza mwenzao kiganjani, ndio maana fimbo yao ni ndefu na wanachimba sipo. DJ: "babu anawaambia wakimbie". Mzee wangu akaniuliza, sasa huyu kajuaje pa kuchimba? Ikabidi nisimamishe movie nianze kumweleza mimi.

Nimerudi kibandani, naambiwa wengine hawalalamiki. DJ kama hujaelewa kinachosemwa nyamaza, tuachie sauti ya movie!

Mwenye kopi ya dakika 115 yenye sauti yake anicheki, nitamtafsiria mzee mwenyewe.